Karamu Kwenye Kibao

Naandika haya kwa ajili yako uliyelazwa kwa kifua na umekatazwa kusema. Mimi si mwalimu. Katika chuo cha Kurani nilisoma herufi za Kiarabu mpaka marehemu baba aliponitoa nikashike miguu ya mbuzi wakati wa kuchinja, na herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwenye magunia ya chumvi na ubavuni mwa malori. Bucha langu hapa Gisenyi nimelijenga kwa kisu changu, sikubebwa na mtu. Kwa hiyo maneno laini usiyatafute kwangu. Nitakwambia nilivyougua, nilivyopona, na jinsi kibao cha mtoto wa shule kilivyomzuia mwanangu asimchinje ndugu yangu.

Nilianza kukohoa wakati watu wanavuna mtama. Nikasema ni moshi. Nikapungua mwili, nikasema ni kazi. Jasho likanilowesha shuka, nikamwambia mke wangu Zaina aache kufunga dirisha. Mtu mwenye mikono kama yangu, aliyezoea kumwangusha fahali wa Mudende kwa kamba moja, hawezi kuambiwa ni mgonjwa. Nani angemwambia?

Aliniambia mdogo wangu Mbaraka, tena mbele ya wakwe.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, siku ya kumwoza binti yangu. Ua ulijaa wageni na sufuria zilikuwa motoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakata nyama, maana mtu wa kazi hii hawezi kukaa mkekani akiangalia wengine wakikata nyumbani kwake. Nikakohoa, nikajifuta, nikaendelea. Mbaraka, niliyekuwa naye buchani tangu hajaota ndevu, akasogea na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake jikoni: "Kaka, nipe kisu. Unakohoa juu ya nyama ya watu."

Muuza nyama haambiwi neno hilo. Nilikuwa na muundi wa ng'ombe karibu na mkono wa kushoto. Nikampiga nao mdomoni, meno yakamtoka. Akanishika mkono wa kisu, akakinyakua, mimi nikamkaba koo. Tukaanguka juu ya sinia la wali. Nilikuwa namkamua kweli, macho yamemtoka, wakati kitu cha moto kilipopasuka ubavuni mwangu. Mdomo ukajaa. Nikatazama chini, nikaona kanzu yangu ya harusi nyekundu mpaka kwenye pindo.

Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba Mbaraka amemuua kaka yake. Na kweli alisimama pale na kisu, na damu yangu mkononi. Wanaume wakamwangukia kwa mabenchi, kwa michi, kwa mafiga yaliyokuwa bado na moto. Mfupa unapovunjika mimi naujua mlio wake. Nilisikia mkono wa Mbaraka unavunjika, nikafurahi, kisha sikusikia tena.

Nilipozinduka nilikuwa hospitali, ubavu umefungwa bandeji na unauma kwa ndani. Kijana mmoja aliyevaa koti jeupe aliniinamia. Huyo ndiye Anastazi, muuguzi aliyesoma kule Nyundo. Hapa kwetu muuguzi tunamwita muforomo. Akasema kwa Kiswahili chao cha milimani: "Muzehe, hapana kusema. Iko kifua. Ukisema, damu itarudi, utakufa."

Kifua. Sikuhitaji tafsiri. Niligusa bandeji, nikajua kisu cha mdogo wangu kilikoingia. Zaina naye aliambiwa mlangoni kwamba ni kifua, akarudi nyumbani kuwaambia watu kwamba kisu kimezama kifuani. Wakati huo Mbaraka alikuwa amejiburura mpaka ng'ambo ya kizuizi cha mpakani, upande wa Goma, na hakuna aliyejua amejificha wapi. Mwanangu mkubwa Hamisi aliapa mbele ya mama yake kwamba atampata.

Wakaniweka katika banda la wakohozi. Niliona ni dharau. Mtu aliyepigwa kisu unamlazaje na watu wanaotema kwenye makopo? Lakini kusema nimekatazwa, basi nikasema kwa mikono. Nilimtupia mhudumu bakuli la uji wa moto usoni. Nilimng'ata aliyekuja kunigeuza. Mvuvi aliyelala kitanda cha jirani alicheka, nikampiga na kopo lake mwenyewe, likapasua nyusi. Siku hiyo walinifunga kitandani kwa shuka mpaka jua likahama ukutani. Walipokwenda, yule mvuvi, damu bado inamchuruzika, aliinuka akasukuma kitanda changu kidogo, ili kale kajua kalikobaki kanifikie miguuni. Wewe unayesoma, wema wa namna hiyo utakutana nao huko, na mara nyingi utatoka kwa mtu uliyemuumiza.

Kila juma tulikaa kwenye benchi la barazani kungoja sindano. Hayo mabenchi ndiyo yatakayokumaliza kuliko ugonjwa. Kila mtu na kopo lake mapajani, na kila mtu anamtazama mwenzake mabegani kuona nani amepungua zaidi. Aliyefariki nafasi yake ilikaa wazi kwenye benchi mpaka mgeni asiyejua aje kukalia. Ndani, daktari Mzungu alinichoma ubavuni palepale penye bandeji, kwa sindano ndefu yenye mpira na machupa. Nilisikia ngozi inakubali kwa ghafla, kama ngozi ya mbuzi unapoipenya kwa ncha. Baadaye kifua kinabana, na ukijigeuza unasikia kitu kinabwabwaja ndani kama kibofu cha ng'ombe kilichojazwa upepo. Nilidhani ananyonya usaha wa kisu. Kila sindano niliihesabu kuwa deni la Mbaraka.

Na mwili uliniacha. Pete ilianguka yenyewe nikiwa nanawa. Mapaja yangu yakawa kama ya ndama aliyefiwa na mama. Nilipokuwa peke yangu nilijishika mkono kwa vidole viwili na vidole vikakutana. Hapo ndipo nilipokuwa nikimchinja mdogo wangu kichwani mwangu, polepole, kwa utaratibu wa kazi, kuanzia shingo.

Anastazi aliona hasira hiyo itaniua kabla ya damu. Akaniletea kibao cha shule, kile cheusi chenye fremu ya mbao, na kipande cha chaki. Alisema niandike nikitaka maji au choo. Neno la kwanza nililoandika lilikuwa tusi la mama yake. Akalisoma, akalifuta kwa kiganja, akaandika juu kabisa: MAJI. Akanieleza kwamba kila asubuhi ataniachia neno moja, nami niandike hadithi chini yake kabla uji haujafika. Kibao kikijaa, hadithi imeisha, hakuna kugeuza upande wa pili. Jioni anakisoma, anakifuta, na kesho ni neno jingine. Nikamuuliza kwa kidole: hadithi gani? Akasema yoyote, mradi isitoke mdomoni.

Niliandika hivi: Ndugu wawili walikwenda ziwani. Mmoja alirudi.

Alisoma, akakifuta. Kesho yake akaandika NG'OMBE. Nikaandika: Ng'ombe alikataa kulala. Watu wanne walimshika. Akampiga mmoja teke la tumbo akafa. Ng'ombe naye akafa. Nyama ikawa ngumu. Alipewa Mbaraka, ikamkwama. Kesho yake akaandika mlango, nami: Mtu aligonga. Nilikuwa nimeshika shoka. Nikasema, karibu Mbaraka.

Mvua zikaanza nami naandika. Mwanzoni herufi zilikuwa kama nyayo za kuku. Kuna siku nilijaza mstari mmoja tu. Lakini niligundua kitu nakuambia ukishike: usingoje siku njema. Siku ya homa andika, siku umemwona mwenzako anatolewa amefunikwa andika, na neno ukilichukia andika hilohilo. Kisha mwili unazoea. Anastazi akichelewa nilikuwa nagonga kibao kwenye chuma cha kitanda mpaka banda zima linalalamika. Sikukohoa kama zamani, maana ile pumzi niliyokuwa napotezea kufoka sasa ilikuwa inakaa. Mvuvi alikuwa ananiomba nimwonyeshe, anasoma kwa kusogeza midomo, anatikisa kichwa na kusema nyumbani kwangu pasingefaa kulala mtu.

Watu wa milimani lakini, r na l kwao ni kitu kimoja. Anastazi aliandika mrango, aliandika rori, nami nilikuwa nasahihisha kwanza kwa chaki, kwa nguvu, ili ajue Kiswahili ni cha nani. Baba yangu alitoka Ujiji. Hakuchukia. Siku moja akiwa ananifuta jasho aliniuliza, "Muzehe, hakuna siku utaandika na mutu hatakufa?"

Nikatikisa kichwa.

Ikafika Ijumaa moja. Zaina alikuja dirishani asubuhi na mchuzi wake kwenye kopo. Hakunipa kwanza. Alisema Hamisi amempata Mbaraka. Anakaa katika ua wa wauza makaa, ng'ambo ya kizuizi, mkono wake umeungika kombo kwa kuwa aliogopa kwenda hospitali. Hamisi atasali Ijumaa na wenzake, kisha atavuka. Amekwisha kukinoa kisu kikubwa. Nilimwona machozi yanamtoka na hayafuti. "Baba Hamisi, mkataze," akasema. "Wewe ndiye anayekusikia. Yule ni damu yako."

Nilipitisha kidole shingoni, nikageukia ukutani. Nikasikia anaweka kopo la mchuzi kwenye dirisha na kuondoka.

Anastazi aliingia akiwa mchangamfu, ana kalamu mpya ya wino mfukoni mwa koti, inang'aa. Akaandika neno, akaniwekea kibao magotini, akaenda kwa wengine. Nikasoma: KARAMU.

Nani alimwambia? Sikusahihisha kitu, maana neno lilikuwa zima. Karamu ni karamu. Niliandika kwa herufi ndogo kuliko siku zote. Ua, sufuria, muundi, meno. Unakohoa juu ya nyama ya watu. Koo lake mkononi mwangu. Kisu chake ubavuni mwangu, hapa, ambapo daktari ananyonya. Kibao kikajaa nikakigeuza, nikaandika upande wa pili, kwamba leo baada ya sala Hamisi anakwenda kunilipia. Ilikuwa hadithi ya kwanza ambayo sikuitunga.

Anastazi alikuja kukichukua mapema, huku anatabasamu. Alitaka kuona nilivyoisifu kalamu yake. Alisoma upande mmoja, tabasamu likaondoka. Akageuza. Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo wamekatazwa.

"Muzehe, nani alikupiga kisu?"

Nikaonyesha bandeji.

"Hii?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake akalisahau. "Hii tundu ni ya daktari. Siku ulikuja ulikuwa unatapika damu ya pafu. Alikutia upepo, pafu ilale, ifunge. Kila wiki anaongeza. Kisu hakuna. Iko kifua, muzehe. Igituntu, kifua kikuu. Kama hawa wote."

Nikatikisa kichwa. Akabandua bandeji, akaleta kioo cha kunyolea, akakishika chini ya kwapa langu. Sikuwahi kutazama. Wala mimi sijui kwa nini, nadhani niliogopa kuona ni padogo. Sasa sikiliza: mimi ninajua kisu kinaacha nini. Kisu kinaacha mdomo, hata baada ya miaka mdomo unaonekana. Pale hapakuwa na mdomo. Palikuwa na vitundu, vingi, vidogo, kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

Kutoka mtaa wa Waswahili nilisikia watu wakitoka sala ya Ijumaa.

Nilifungua mdomo kumwita Hamisi, na sauti ilitoka, ya kwanza tangu harusi. Anastazi akaniziba kwa mkono. Nikampiga kiwiko tumboni, nikasimama, nikafika mlangoni, nikaanguka. Ladha ya chuma ikanijia mdomoni na uzi mwekundu ukashuka kidevuni. Nikajikokota hata hivyo. Mvuvi ndiye aliyenirukia kwa nyuma akanikalia miguu, na Anastazi akanishika mabega. Tuligaagaa sakafuni pale, wagonjwa wengine wakiinua makopo yao yasimwagike. Nilikuwa nalia kwa hasira. Pumzi ya kufika barabarani sikuwa nayo, na mwanangu alikuwa anavaa viatu mlangoni mwa msikiti.

Anastazi akanisukumia kibao.

Niliifuta karamu kwa mkono wa kanzu. Hamisi alikuwa hajawahi kuniona nikiandika hata jina langu. Angeletewa maneno ya upole angesema ni hila ya watu wa hospitali. Kwa hiyo niliandika kama ninavyosema, na kwa kuwa kila siku nilikuwa nimezoea kuingiza kisa kizima cha mtu katika kibao kimoja, sikuhangaika:

Hamisi kichwa cha kondoo mwenye kinyesi masikioni. Weka kisu. Baba yako mdogo hakunikata. Nilitapika damu ya kifua, nilikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyesema. Ukimgusa nitatoka hapa na pafu langu moja nikuchune kuanzia kisigino. Mimi baba yako.

Anastazi alikiweka kibao ndani ya shati, akakifungia koti juu, akapanda baiskeli katika mvua. Alipita kwanza nyumbani kwangu, Zaina akamwelekeza.

Yaliyobaki nilisimuliwa. Hamisi alikuwa ameshafika. Alimkuta baba yake mdogo anachambua makaa kwa mkono mmoja, akampiga teke, akamkalia kifuani. Mbaraka hakupigana. Alisema tu, "Fanya upesi." Hamisi alikuwa amemchana paji la uso, maana kisu kiliteleza kwa sababu ya mvua, na alikuwa anakishika upya wakati Anastazi alipoingia na baiskeli yake mpaka katikati ya makaa. Akamwekea kibao mbele ya macho. Jasho na mvua vilikuwa vimekula nusu. Ilibaki kichwa cha kondoo, ikabaki kinyesi, ikabaki weka kisu. Hamisi alisoma, akasoma tena, akamuuliza ni nani aliyeandika. Anastazi akamjibu kwamba ni muzehe wake, na kwamba wao Nyundo hawafundishwi maneno haya.

Hamisi aliniambia baadaye, "Baba, nilisikia sauti yako." Kisu alikitupa ndani ya makaa.

Walikuja dirishani kesho yake mchana. Mbaraka alikuwa na kitambaa kichwani na mkono umepinda kama tawi. Nami nilikuwa na kibao magotini.

"Kaka," akasema, "mimi nilisema unakohoa tu."

Nikaandika: Ni kweli nakohoa. Nikamwinulia. Akacheka, na nikaliona pengo nililompa.

Damu ile ya mlangoni ilinirudisha nyuma. Walianza sindano nyingine za makalioni, dawa mpya, na masikio yakalia kama nyuki mpaka leo. Nilikaa mvua zote, nikakaa kiangazi kifupi na mvua za pili. Maharage yalivunwa nikiwa bado kwenye lile benchi, nikiacha nafasi wazi ya mvuvi, Mungu amrehemu. Siku anatolewa neno lilikuwa JUA, nikaandika jinsi alivyosukuma kitanda. Ndiyo hadithi pekee ambayo nilimwomba Anastazi asiifute. Aliifuta. Alisema ndivyo tulivyokubaliana.

Kwa hiyo wewe uliyelala huko: tafuta kibao, tafuta mtu mbishi akupe neno kila asubuhi, hata kama hajui kuliandika. Hasa kama hajui. Na muulize daktari ni nini hasa alichokufanyia, usijijibu mwenyewe.

Sasa niko buchani. Ngozi nzito siwezi kuvuta, na Mbaraka mkono wake haukunjuki. Basi mimi nashika, yeye anakata, tukiwa wawili tunafanya mchinjaji mmoja. Kabla hatujafungua, ananitupia neno, nami naandika kibao changu kimoja na kukitundika kwenye ndoano tupu, wateja wasome wakingoja. Neno la kalamu nalo nilikuja kuliandika, Anastazi alipopita kununua nyama. Alisema ile karamu ilikuwa nzuri zaidi.

Leo asubuhi Mbaraka amenipa KISU. Nimefikiri sana, nusura nichelewe kufungua. Nimejaza kibao mpaka chini kabisa, na hakufa mtu.